"Suru mon ka" haisemwi usoni pa mtu. Mimi niliisema, nikailipia

Futa hiyo sentensi. Futa kwanza, salamu zitafuata.

Kwa ambao hawajasoma bandiko la mwanzo: mleta mada yuko Japani mwaka wa kwanza, mchana anasoma shule ya lugha, usiku anafanya baito, yaani kibarua cha mwanafunzi. Ameuliza tofauti ya mono ka, te tamaru ka na mai, vimalizio vya sentensi vya Kijapani vya kukataa. Ameuliza zipi hutoka sana kwenye mtihani wa Kijapani wa N2, ngazi ya pili kutoka juu. Ameomba jina la kitabu kizuri cha sarufi. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni ndipo anakumbuka kusema jikoni kuna gesi inavuja, kaandika hivi: "Kesho mkuu wa zamu akitaka kuniongezea usiku mwingine namjibu Yakin nanka suru mon ka! Nataka ajue nina msimamo. Iko sawa kisarufi?" Yaani anaikataa zamu ya usiku kwa mono ka, ambayo mdomoni hufupishwa mon ka.

Kisarufi iko sawa, mdogo wangu. Iko sawa kabisa, na hapo ndipo balaa lilipo. Hata ya kwangu ilikuwa sawa. Ningekosea neno moja tu, wangesema maskini, mgeni huyu, lugha haijamkaa. Lakini nilipatia. Nilitamka kama mtu aliyezaliwa Asakusa, mtaa wa kale wa Tokyo, kwa hiyo hakuna aliyepata pa kunisamehea.

Ilikuwa 2018, Chiba, kiwanda cha bento, vile visanduku vya chakula, ambacho sikitaji, maana mpaka leo nikipita karibu na eneo lile nashusha kofia. Zamu inaanza saa nne usiku. Unavaa nguo nyeupe mwili mzima, kofia inashuka mpaka shingoni, barakoa, glavu, kisha mwenzio anakupitishia rola yenye gundi mgongoni kuondoa nywele na vumbi. Unabaki macho tu. Ndani baridi kama ya bucha. Mkanda unapita, visanduku vya wali vinakuja, na kazi yangu ilikuwa moja: kuweka umeboshi katikati ya wali. Umeboshi ni tunda la ume lililotiwa chumvi likakaushwa, chachu yake inakukunja uso kuliko ukwaju. Moja katikati. Moja katikati. Moja katikati. Ukilala asubuhi unaota bendera ya Japani.

Malipo yalikuwa yen 900 kwa saa, na kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri sheria inamtaka mwajiri aongeze asilimia 25, kwa hiyo usiku mmoja wa saa saba za kulipwa, sita kati yake zikiwa na nyongeza hiyo, niliondoka na yen 7,650. Nilikuwa naingia siku nne. Saba mara nne ni ishirini na nane. Wewe unaijua hiyo namba: mwanafunzi mwenye kibali cha kazi haruhusiwi kupita saa 28 kwa wiki, na wanajumlisha kazi zako zote. Ukipitisha, siku ya kuongeza viza ndipo utajua kwamba kuna mtu alikuwa anahesabu.

Sasa angalia nilivyokuwa na haki. Sheria upande wangu. Saa zimejaa. Ijumaa alfajiri, mkuu wa zamu, hanchō, akaja kwenye mkanda na karatasi zake mkononi. Mzee mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akainama kidogo akaniuliza: "Ashita no yoru mo hairemasu ka?" Kesho usiku pia utaweza kuingia? Kaniuliza kwa adabu, kwa "masu" kamili, mimi kijana wa umeboshi.

Na mimi wiki hiyo ndiyo nilikuwa nimetoka kujifunza mono ka. Nilikuwa nayo mdomoni kama pipi. Nikavuta pumzi, nikatoa kifua:

"Hairu mon ka!"

Obachan, mama wa zaidi ya miaka 60 aliyekuwa upande wa pili akipanga vipande vya kuku, koleo lake likasimama hewani. Hanchō hakusema kitu kwa muda ambao mimi niliuona kama wiki. Mkanda wenyewe haukusimama. Visanduku vitatu vya wali vilipita mbele yangu vikiwa vyeupe tupu, bila umeboshi, na mimi nimeganda nikingoja kuheshimiwa.

Akasema, "Sō ka." Alaa, sawa. Akaandika kitu kwenye karatasi. Akaondoka.

Nikajua nimeshinda! Nilirudi geto nikiwa natembea katikati ya barabara.

Ngoja nikwambie alichosikia yule mzee. Fikiria uko Tanga, dukani kwa mtu, umeajiriwa. Mwenye duka mtu mzima anakwambia, "Samahani mwanangu, kesho utaweza kuja kidogo?" Nawe badala ya kusema "Kesho nina udhuru, mzee wangu," unamtazama machoni unamwambia: "Nije mimi? Thubutu!" Ndicho nilichosema. Hairu mon ka si "siwezi". Wala si "sitaki". Ni "Niingie mimi? Thubutu!"

Na usidanganywe na hiyo ka ya mwisho. Darasani tulifundishwa ka ni ya kuuliza, na kuuliza ni adabu, basi mtu anadhani sentensi ikiishia na ka imelainika. Ka hii ni ya swali ambalo hakuna anayesubiri jibu lake. Sauti yenyewe inashuka mwishoni, haipandi. Kiswahili tunayo tele. Mtu akikuambia mtihani ulikuwa rahisi unamjibu "Rahisi wapi!" Hapo hujauliza mahali. Mjapani angesema Kantan na mon ka. (Hiyo na inaingia kwa nomino na vivumishi vya aina yake, vitenzi vinakaa vile vilivyo kwenye kamusi, huhitaji kukariri zaidi ya hapo.) Au mtu akikuuliza kaka yako yuko wapi nanyi mmegombana, unasema "Ntajua mimi!" Hiyo ni Shiru mon ka, sauti ileile, mdomo uleule umebetuliwa. Mono ka tunayo mtaani tangu utotoni, tena tunajua vizuri sana kwamba mtoto akimjibu mama yake "Ntajua mimi!" kinachofuata ni ndala. Sijui kwa nini tukivuka bahari tunasahau.

Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningekuwa na hadithi ya kishujaa ya kuwasimulia. Mwezi uliofuata ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani karibu na makabati ya viatu. Mistari mlalo majina, mistari wima tarehe, duara maana yake unaingia. Jina langu lilikuwa na maduara manne. Si kwa wiki, kwa mwezi. Nilisimama pale na soksi nikihesabu, nikahesabu tena nikidhani ni ukurasa wa mtu mwingine. Nikamfuata hanchō, nikamwambia kwa adabu zote nilizobaki nazo kwamba naomba siku zaidi. Akatabasamu. Akasema: "Kangaete okimasu ne." Nitalifikiria.

Hakulifikiria. Kangaete okimasu ni ile inshallah. Si inshallah ya dhati, ile nyingine, tunayoijua wote, ya fundi aliyeambiwa alete kabati Jumamosi. Yaani mzee alinikataa kwa Kijapani kilichonyooka, laini, bila kupandisha sauti, na ilinichukua wiki mbili kuelewa kuwa nimekataliwa. Mimi nilimkataa kwa sekunde moja na mkanda mzima ukaelewa.

Piga hesabu: 7,650 mara nne ni yen 30,600. Sehemu yangu ya kodi ya chumba ilikuwa 28,000. Nikabaki na 2,600 ya kula, simu na nauli kwa mwezi. Ada ya muhula wa pili nilikopa kwa kaka yangu, ambaye hadi leo kwenye kila kikao cha ukoo anatafuta pa kulichomeka deni hilo. Na mchango wa harusi ya dada sikutoa. Nilituma ujumbe wa sauti wa baraka. Waliucheza ukumbini, nasikia watu walishangilia sana kuliko waliotoa mbuzi, lakini dada mwenyewe nilimwona kwenye video hajacheka.

Sasa nani alinifikisha pale? Nina orodha.

Wa kwanza ni jamaa tuliyekaa naye geto, alinitangulia Japani miaka mitatu, akawa mshauri wa kila kitu. "Dogo, Wajapani wanaheshimu mtu mwenye msimamo. Ukiwa laini watakukamua." Kumbe yeye alikuwa ameshahama vibarua vitano, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayeheshimiwa hivyo anahamahama kama kunguru wa soko la samaki. Naona mleta mada nawe umeandika neno hilohilo, msimamo. Nani kakupa? Kama ni mtu unayekaa naye, mwulize amefanya kazi sehemu ngapi.

Wa pili ni mwalimu mmoja wa video za mtandaoni, wafuasi wengi, meno mengi. Alikuwa na somo la njia tano za kukataa kama Mjapani. Mono ka ilikuwemo. Te tamaru ka ilikuwemo. Shinde mo iya da, yaani hata nikifa sitaki, ilikuwemo. Zote tano kachota kwenye anime, katuni za Kijapani, kutoka kwa vijana wenye nywele za kusimama wanaomkatalia shetani juu ya mwamba. Nimeishi hapa miaka na miaka, sijawahi kumsikia Mjapani akimjibu bosi wake kwa hata moja kati ya hizo tano.

Lakini ninayemwekea kinyongo hasa ni kitabu. Kitabu kizima cha sarufi, karatasi nzuri, na mbele ya mono ka kimeandika tafsiri moja: hutumika kukataa kwa nguvu. Basi. Kukataa nini? Kukataa nani? Neno letu "kukataa" linabeba mizigo miwili: unaweza kumkatalia mtu aliyesimama mbele yako anakuomba kitu, na unaweza kukataa jambo moyoni, ukakataa kushindwa, ukakataa kurudi kule ulikoonewa. Mono ka inakaa upande wa pili. Nani angeshindwa kuongeza mstari mmoja? Wino ulikuwa unaisha?

Ngoja, kuna sehemu ya pili ya aibu, maana mtu akishaingia shimoni lazima achimbe.

Baada ya ratiba ile niliamua kwenda kumwomba hanchō radhi. Nikafungua kitabu kilekile (ndiyo, kilekile, usiniulize) nikatafuta namna ya kuahidi kwa uzito kwamba sitarudia. Nikakuta mai. Kitenzi cha kamusi ukakitia mai nyuma: iu mai, sitasema. Ukitanguliza nido to inakuwa sitasema tena asilani. Nikaona hii ndiyo yenyewe, nzito, ya kiume. Nikasimama mbele yake, nikainama nyuzi tisini, nikatamka: "Nido to iu mai!"

Mai ya namna hiyo, mdogo wangu, inaishi kwenye maandishi, kwenye shajara, kwenye tamthilia za wenye mapanga. Ni kama mtu wa Temeke amemkosea msimamizi wake wa kiwandani, anakwenda kumwomba msamaha kwa Kiswahili cha tenzi: "Katu sitotamka tena, ewe bwana, lisani nimeifunga." Hanchō alikunja midomo ndani kuzuia kicheko, na akakizuia, Mungu ambariki. Obachan hakuzuia. Aliegemea kabati la viatu.

Yule mama ndiye mwalimu wangu wa kweli, na hajawahi kufungua darasa. Asubuhi ile tulitoka pamoja kwenda stesheni. Kwenye mashine ya barabarani akaninunulia kahawa ya kopo ya moto, akanipa nishike kwa mikono miwili kwanza, nipashe vidole. Kisha akaniambia: "Anta ne, sore wa hitori de iu mon da yo." Wewe bwana, hayo ni maneno ya kusema ukiwa peke yako. (Na mon imo tena humo, ya maana nyingine kabisa, hii ya "ndivyo mambo yalivyo". Neno hili lilinifuata kama deni.)

Sikumwelewa mpaka tulipofika ngazi za stesheni. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, na lifti ilikuwa mwisho kabisa wa upande ule mwingine. Akashika chuma cha ukutani, akapandisha mguu wa kwanza, na kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa mtu yeyote, akasema: "Makete tamaru ka." Ngazi ya pili: "Makete tamaru ka." Mpaka juu. Kufika akageuka, akarudi kuwa mama mpole anayeomba samahani kwa kunichelewesha.

Hapo ndipo ikaniingia. Tamaru hapo ni ya kuvumilika, na makete ni kushindwa: nishindwe, halafu hilo livumilike? Nishindwe na ngazi, mimi? Mama yule asingeweza kumwambia hivyo mtu, lakini goti lake aliliambia kila asubuhi.

Sheria yangu ni hiyo moja, na nitaipigia kelele mpaka wasimamizi wa jukwaa wanifungie: maneno makali ya Kijapani ni ya kujisemea. Kabla hujaitoa jiulize, je, hii ningeisema nikiwa chumbani peke yangu, natazama ukuta? Kama ndiyo, basi iache hukohuko chumbani. Mon ka, tamaru ka, mai, zote ni za ukuta, za goti, za shajara, na za kumsimulia rafiki yako wakati mnakunywa. Tukiwa mezani nikakwambia "Duka lile nido to iku mon ka!", sirudi tena ng'o, utacheka, utanimiminia kingine. Duka halipo pale. Lililokataliwa halina masikio. Mwenye duka akiwa amekaa meza ya pili, funga mdomo.

Sasa tofauti zake, maana uliuliza. Mono ka inakataa jambo ambalo limeletwa, limependekezwa, limedhaniwa: eti niende? eti ni rahisi? eti yule ni mwema? Wapi! Te tamaru ka inakataa jambo ambalo linakuja kukupata, liko njiani, linakusukuma tayari. Ndiyo maana unaisikia sana kwa kushindwa, kufa, kukata tamaa, kudharauliwa. Baka ni sarete tamaru ka, nifanywe mjinga nami nikae nitazame? Iku mon ka ni siendi thubutu. Itte tamaru ka inanusa kwamba kuna mtu anakuburuta kwa shati. Mai ni baridi kuliko hizo mbili. Hizo zinachemka, mai imeshapoa, ni uamuzi wa mtu aliyefunga mlango na kuweka kalamu chini: nido to sake wa nomu mai to kimeta, niliamua sitagusa pombe tena. Angalia hiyo to kimeta mwishoni, niliamua. Mai inapenda kuegemea kitu kama hicho, to omotta, niliwaza, to chikatta, niliapa, yaani hata yenyewe inajua inasimuliwa, haisemwi hewani. Na kuna mai nyingine ya kukisia, ame wa furu mai, mvua haitanyesha, sidhani. Hiyo usiichanganye na kiapo, hutaapa kwa niaba ya mawingu.

Upande wa kuazimia kuna te miseru, na hii ndiyo pekee kati ya ndugu hawa wakali ninayokuruhusu mbele ya mtu. Miseru ni kuonyesha. Kanarazu ukatte misemasu: lazima nifaulu, mtaniona. Mwalimu wako ataipenda. Ila ukiisema, ufaulu kweli, maana Mjapani atakumbuka. Mimi niliisema Julai, nikafeli, na kila mtu shuleni alikuwa mpole sana kwangu mpaka Desemba. Upole ule unachoma kuliko tusi.

Haya, kumkatalia mtu. Wajapani hawamkatai mtu, wanamwonyesha njia ilivyoziba. Jifunze wake ni wa ikanai. Maana yake si kwamba sitaki wala sina uwezo. Mambo yalivyo hayaniruhusu. Sheria, ahadi, heshima, kitu kilicho nje yako kimesimama mlangoni. Ningeijua mwaka ule! Saa zangu 28 zilikuwa zimekaa pale zikinisubiri nizitumie. Nilikuwa na kisingizio kilichopigwa muhuri na serikali ya Japani, mimi nikachagua kutumia kifua.

Ukishindwa hata hiyo, katisha sentensi njiani. Ashita wa chotto... halafu nyamaza, nyonya hewa kidogo kwenye meno, inamisha kichwa. Kesho kidogo... Kidogo nini? Hakuna atakayeuliza. Bibi yangu wa Pangani alikuwa bingwa wa hili bila kuijua Japani: ukimwomba jambo asilolitaka anashika paji la uso, "Leo, mwanangu, kichwa kidogo..." na wewe unajikuta unamwomba yeye radhi. Na mtu akikuambia muzukashii desu ne, ni ngumu, usianze kumsaidia kutafuta suluhisho. Hapo ngumu ni hapana, kama vile kwetu ukimwomba mtu mkopo akasema "Aisee, hapo ngumu", huendi kumtafutia kalamu.

Siku hizi niko kwenye kampuni ya magari yaliyotumika, tunapeleka Dar na Mombasa, na kutwa nzima naandika itashikanemasu kwa niaba ya bosi. Hiyo ni ya ofisini: kitenzi kinaonekana kama kinakubali, hakina alama hata moja ya hapana, na maana yake ni kwamba haiwezekani. Wateja wetu wa Kijapani wakiisoma wanashukuru. Mimi naigeuza kwa mteja wa Dar anayetaka apunguziwe tena baada ya kupunguziwa mara tatu: "Bosi wangu, hapo sasa unataka nilale nje." Kazi ileile. Ila chunga, kane hiyo ukiitia nai inageuka: shikanenai ni "anaweza akafanya huyo", tena kwa ubaya. Niliwahi kuchanganya kwenye barua kuhusu breki. Siku nyingine nitasimulia.

Usinielewe vibaya kwamba uwe godoro. Mtu akikushika pasipostahili ni yamete kudasai, acha tafadhali, kwa sauti, watu wageuke. Muuzaji akigonga mlango ni kekkō desu, sihitaji, huku unafunga. Ukiisema mlango uko wazi atajifanya amesikia maana ile nyingine ya kekkō, vizuri sana, naye ataingia na karatasi. Akizidi, okotowari shimasu, nakataa, ipo mpaka kwenye vibao vya milangoni. Na mwajiri akikulazimisha kupita saa zako, dekimasen, siwezi, inatosha, kavu, na "masu" yake mwilini. Ukiangalia vizuri, hata hizi kali zote zimevaa shati. Mon ka na tamaru ka ziko kifua wazi.

Kwa hiyo huyo mkuu wako wa zamu kesho mwandikie ujumbe wa simu kwenye LINE mapema, kabla hajakuuliza, usimsubiri mbele ya watu:

Mōshiwake arimasen. Konshū wa mō nijūhachi jikan ni natte shimau node, kore ijō hairu wake ni wa ikanain desu.

Samahani sana, wiki hii nafikisha saa 28, kwa hiyo mambo hayaniruhusu kuingia zaidi ya hapo. Ukitaka kumaliza kazi vizuri ongeza raishū wa hairemasu, wiki ijayo naweza kuingia. Hilo la wiki ijayo ndilo litakalokuwekea maduara kwenye ratiba. Halafu zima simu, geukia ukuta, na huo ukuta uambie Yakin nanka suru mon ka mara nyingi unavyotaka. Mimi bado wangu nauambia.

Uliuliza na kitu kuhusu kitabu, na N2. Kitabu sitaji, nimeeleza hapo juu tulivyoachana. Wengine watakujibu.

Iandike sentensi yako mpya hapahapa kabla hujaituma, tuione. Huku saa tano usiku sasa, nitakuwa macho mpaka saa saba.